Safu Aliyoichora Dada Nyangeta

Bado akili yangu inakataa. Jana nimetupia udongo kaburi la Dada Nyangeta kule Butiama, kwa mikono yangu hii, na leo asubuhi nimeshika simu nataka nimpigie nimuulize vizibao vya field ameviweka wapi.

Kwa ambao hamkumjua: alikuwa supervisor wetu kwenye timu ya kuhesabu magari. Kabla barabara haijawekwa lami, kuna watu wanakaa pembeni kutwa nzima na fomu, wanaandika kila kinachopita, ili wataalamu wajue ijengwe vipi. Sisi ndio wale mnaotuona mkadhani tunakamata madereva.

Mimi kazi yangu ni kuingiza data ofisini, hapa Iringo. Aliniita "mdogo wangu" toka siku ya kwanza, na kunisumbua alinisumbua kama mdogo wake kweli.

Jumatano presha ilimpanda ghafla. Ijumaa asubuhi shemeji, mume wake, akanipigia. Alikohoa kidogo, akaniuliza kama nimekaa. Nikajua. Jamani, nilijua.

Namkumbuka Bunda, njia panda. Dereva wa lori amekasirishwa na maswali yetu: unatoka wapi, unaenda wapi, umebeba nini.

"Unaniuliza kama mke wangu!"

"Kwani mkeo anakuulizaga na umebeba nini?"

Dereva alicheka mpaka akazima injini. Alijibu yote, akatuachia na ndizi.

Namkumbuka akimsimamisha mzee mmoja na mbuzi wake watano, anamhoji kwa heshima zote kama anahoji dereva wa basi. "Mzee wangu, shikamoo. Unatoka wapi, unaenda wapi?" Mzee akasema, "Natoka ziwani kunywesha. Kesho narudi." Nyangeta akaandika hivyo hivyo kwenye fomu.

Sasa Mugango. Hapo ndipo nilipotaka kufika, na ndipo ninapopaogopa.

Siku hiyo nilikuwa nimewapelekea fomu. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa kichwani akasimama mbele ya meza yetu. Akaziangalia zile safu: pikipiki, bajaji, gari ndogo, basi, lori. Akauliza, "Na sisi tunaandikwaga wapi?"

Nyangeta akachukua rula, akachora safu nyingine kwa peni pembeni ya fomu, juu yake akaandika WA MIGUU. Kuanzia siku hiyo kila fomu aliichora mwenyewe. Wauza dagaa, wanafunzi, wajawazito wanaokwenda zahanati. Kila mtu mstari mmoja: mistari minne, wa tano unaikata.

"Mafuru mdogo wangu," akaniambia, "magari yanapitaga tu. Hawa ndio wenye barabara. Uwaweke kwenye ripoti."

Template ya ofisini kwenye kompyuta haikuwa na safu hiyo. Kila nikiiingiza, jumla zinagoma. Deadline ilikuwa kesho yake, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikawaacha. Watu wote wale, nikawaacha, na leo sina cha kusingizia.

Akanipigia toka field. "Umewaweka wale wa miguu?"

Nikamjibu, "Nimewaweka, dada."

Michoro ya awali ilipotoka, barabara ya Mugango haikuwa na njia ya waenda kwa miguu. Lami inaisha, mtaro unaanza. Nyangeta aliumia sana. Kwenye kikao alisimama mbele ya watu wote: "Mafuru aliwaweka, mimi namjua. Kuna mtu huko juu amewatoa."

Nilikuwa nimekaa viti viwili toka kwake. Niliangalia viatu vyangu mpaka kikao kikaisha.

Nilipanga kumwambia. Kila wiki nilipanga. Alipoanza kulalamikia kichwa, nikajiambia nisimuongezee mawazo. Huo nao uongo. Niliogopa asije akaacha kuniita mdogo wake.

Jana mvua ilikuwa imeharibu njia ya kwenda kwao, gari zikabaki barabara kubwa. Watu wakaja kwa miguu, mstari mrefu unaopanda kati ya mihogo. Nikashtuka vidole vyangu vinahesabu kwenye paja. Minne, wa tano unakata. Nilihesabu mpaka machozi yakanizuia kuona.

Yule mama wa dagaa alikuwepo. Amepanda magari mawili kutoka Mugango kuja kumzika. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Dada yako alituambia sisi wa miguu tumeandikwa, na ni wewe uliyetuandika. Asante, mwanangu."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Leo nimeingia kwa boss nikamwambia ukweli wote. Akasema michoro bado ni rasimu, nipeleke takwimu kamili pamoja na barua ya kueleza kosa langu. Sijui kama watazikubali. Sijui kama kazi ninayo. Boksi la fomu zake lilikuwa chini ya meza yangu muda wote huo. Nilikuwa nalipiga teke kila nikikaa.

Nimeingiza fomu moja moja, toka ya kwanza mpaka ya mwisho. Nyingine zina alama za mafuta ya maandazi yake. Nimelia, nimefuta keyboard, nimeendelea. Saa kumi jioni nimemaliza na kutuma.

Dada, ulinitetea kwa kitu ambacho sikukifanya, ukaondoka unakiamini. Hilo nitaishi nalo. Nisamehe.

Lala salama, Dada Nyangeta. Na ukiniuliza tena: nimewaweka. Wote, hadi mzee wa mbuzi.