Siti ya Nyuma ya Noah ya Mjomba Harithi

"Dada yangu Mwanabibi hatapanda bodaboda tena mpaka azikwe. Gari nitakalonunua, siti ya kwanza kuhesabiwa ni yake. Andikeni."

Hakuna aliyeandika. Ndiyo maana naandika mimi.

Maneno hayo Mjomba Harithi aliyasema kwenye kipaza sauti, Naipingo, mwaka juzi mwezi wa sita, siku mdogo wangu alipotoka jando. Kwetu Wamwera siku hiyo ni ya mjomba. Baba mzazi unaweza kumkuta nyuma ya nyumba ananyonyoa kuku na hakuna anayeuliza kulikoni. Mshereheshaji humwita mjomba, mjomba hutuza, husema maneno mawili, hukaa. Harithi maneno mawili hajawahi kuyaweza. Alitoa noti moja ya elfu tano, akaizungusha hewani kwanza kama bendera ili hata waliokaa upande wa choo waione, ndipo akaahidi gari. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama yangu, ambaye ndiye huyo Mwanabibi, hakupiga. Alikuwa amekaa mkekani, mguu wa kushoto ameunyoosha, kwa sababu haukunjiki.

Nyonga ilivunjika pale bodaboda ilipoteleza mchangani akirudi sokoni Nachingwea. Tangu hapo kila mwezi ana siku yake ya kliniki hospitali, na kila mwezi anakwenda na bodaboda ileile ya kumuua, kakaa upande, nimemshika kwa nyuma, tunasimama njiani mara tatu atapike kwa maumivu kisha tunaendelea. Kwa hiyo mtu akisimama na kipaza sauti akasema gari, kwetu haikuwa habari ya starehe.

Na Harithi alikuwa na kila sababu ya kulisema. Mama yao alifariki Harithi akiwa na miaka sita. Dada yake aliacha shule darasa la nne ili ampikie uji, amwogeshe, amtoe funza. Huyo mtoto wa funza ndiye leo anayevaa miwani ya jua hadi saa moja jioni.

Alipokua alioa Chunyu, upande wa Ruangwa, akahamia kwa wakwe kama desturi yetu inavyotaka. Kule akalima, na niseme ukweli hata kama unaniuma, analima vizuri. Korosho zake safi, ufuta wake mweupe. Tatizo ni kwamba Mungu alimpa mikono ya mkulima na mdomo wa mbunge. Aliponunua kigari chake cha kwanza, Vitz moja kuukuu, alikuwa anaendesha barabara ya vumbi kioo kikiwa chini. Vumbi lote la Chunyu alilimeza yeye ili kiwiko kionekane.

Vitz ile haikutosha. Nyumbani kwake yupo yeye, mke wake Zaina, watoto watatu na mama mkwe. Kwa hesabu ya Zaina, familia ni watu sita. Kwa hesabu yetu sisi ni saba, maana mwanamume wa Kimwera haanzi kuhesabu familia kwa mke, anaanza kwa dada. Ugomvi wote ninaousimulia umekaa kwenye tofauti ya mtu mmoja.

Mwezi wa kumi na mbili, korosho zimeshauzwa, akanipigia simu.

"Mjomba, njoo Nachingwea. Nataka kuchagua gari. Wewe si umesomasoma?"

Umesomasoma. Diploma ya ufundi magari niliiacha mwaka wa kwanza, na hapo ndipo alipokuwa anapiga. Nikaenda hivyohivyo, kwa ajili ya siti ya mama.

Dalali anaitwa Imrani, kijana mwenye sauti ya kuuza sabuni. Alikuwa na magari matatu nyuma ya soko, yameoshwa mpaka yanaona aibu: Harrier, Rav4 na Noah. Zaina alikwenda moja kwa moja kwenye Harrier, ile wanayoiita tako la nyani, akaingia, akafunga mlango, akajitazama kwenye kioo.

"Baba Hajra, gari ni hii. Ukishuka hapa hata mwenyekiti wa kijiji anainuka."

"Mama kaona mbali," Imrani akasema. "Gari ya mtu mmoja hii. Injini haijawahi kufunguliwa. Unaingia, unawasha, unaondoka."

"Siti ngapi?" nikauliza.

"Tano, kaka. Za ngozi."

"Na mama atakaa wapi?"

Zaina alinijibu kupitia kioo, hakugeuka. "Watoto wetu watapakatana. Wifi nimemwambia mara ngapi ahamie Chunyu? Mtu anaishi mbali na gari, halafu anauliza atapandaje gari."

 Harithi alitoa mfukoni kipande cha kamba ya katani chenye mafundo mawili, akafungua buti la Harrier, akailaza kamba ndani. Fundo la pili likabaki nje.

"Haifiki," akasema.

Akaenda Rav4. Haikufika pia. Akafika kwenye Noah, akafungua nyuma, akaitazama siti ya mwisho muda mrefu kama mtu anayetazama maiti ya adui. Kisha akapima sakafu kutoka mlangoni kwenda mbele, kwa kupitisha kamba chini ya siti. Ikafika, ikabaki na nafasi.

"Unapima nini, mjomba?"

"Nafasi ya mguu wa dada yako... wa mama yako. Si haukunjiki? Lazima uutafutie nafasi."

Nilitaka kumkumbatia, na hilo sijajisamehe hadi leo. Alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya siti, akapapasa bolti moja moja taratibu. "Ziko nne," akasema. Nikampigia mama simu palepale nikamwambia mjomba anaikagua siti yako mpaka bolti.

Siti ile ilikuwa na kovu moja, alama ya sigara pembe ya kushoto, ndogo kama kifungo cha shati. Imrani alisema hiyo ni alama ya kuzaliwa.

Zaina alishuka kwenye Harrier kama anayeshushwa kwenye kiti cha enzi. "Noah? Gari ya kukodishia misiba? Nikipita Ruangwa watu watanipungia mkono wakidhani napakia abiria."

"Mama Hajra," Harithi akasema, sauti ameishusha kama mtu aliye msikitini, "mimi nilisema mbele za watu. Nilisema siti, nanunua siti."

Akanunua. Milioni kumi na tatu na nusu, kadi mkononi.

Ijumaa iliyofuata alikuja Naipingo na gari, honi kuanzia shule ya msingi mpaka uani kwetu. Mama alikuwa ameoga na kuvaa toka alfajiri. Tukampandisha siti ya nyuma, mguu ukanyooka vizuri kabisa. Harithi akampiga picha tatu akazirusha kwenye kundi la ukoo, na chini yake akaandika kwamba ahadi ni deni. Kisha akamwendesha mpaka mwisho wa kijiji, akageuza, akamrudisha, akamshusha. "Mafuta yamekaa vibaya," alisema, "lakini tarehe ya kliniki nitakuja."

Tarehe ya mwezi wa kwanza tairi lilikuwa na pancha. Ya mwezi wa pili mama mkwe aliamka na presha. Mwezi wa tatu mvua. Mwezi wa nne simu ilipokelewa na Zaina, akasema baba Hajra amelala, saa nne asubuhi. Na sisi tukarudi kwenye bodaboda na vituo vyetu vitatu vya kutapikia. Kwenye kundi la ukoo, ukiuliza, watu wanakutumia tena ile picha.

Mwezi wa nne huohuo, baada ya kliniki, nilimwacha mama amepumzika kwa jamaa nikaenda kunyoa kwa Selestini, kinyozi wa karibu na stendi Nachingwea. Kulikuwa na foleni. Nikakaa pa kusubiria, nikaona mbona pananesa. Nikatazama chini. Siti ya gari, imepigiliwa juu ya mbao mbili. Pembe ya kushoto kuna kovu dogo kama kifungo cha shati.

"Selestini, hii uliitoa wapi?"

"Kuna mzee mmoja wa Chunyu aliniletea mwezi wa kwanza. Anasema gari yake ni ya mizigo, hii inamlia nafasi. Safi eh? Wateja siku hizi hawaondoki hata kama foleni ndefu."

Mwezi wa kwanza. Yaani picha ilikuwa haijapoa.

Nilimweleza mama. Hakulia wala hakulaani. Alisugua nyonga, kisha akauliza Selestini ana shida gani. Nikamwambia shida ya kinyozi ni pa kukalisha watu. Siku ya pili yake benchi zetu mbili za barazani, za mninga, alizochongewa na marehemu baba, zilipakiwa kwenye guta kwenda mjini, na siti ikarudi na guta hilohilo, na mbao zake chini, nywele za Nachingwea nzima zikiwa kwenye mishono. Mama akaiweka barazani, akaifunika kanga. Tangu siku hiyo kwetu hapakuwa na pengine pa kumkalisha mgeni.

Mwezi wa sita ikafika arobaini ya babu yetu mdogo, ikasomwa kwetu Naipingo, Jumatatu asubuhi. Harithi alikuja na Zaina tangu jana yake, wakalala shambani kwao jirani na kijiji chetu ili wapakie ufuta. Alipoingia uani Noah ilikuwa na magunia matatu nyuma, yamelala pale ambapo mguu wa mama ungenyooka, na yamefungwa kwa ile kamba ya katani. Fundo hadi fundo, gunia moja halizidi wala halipungui. Nafasi ya mguu wa dada.

Dua ikaisha, pilau ikaliwa. Wanaume walikuwa mikekani, Harithi miwani usoni anatafuta pa kukaa pa hadhi yake.

"Harithi, mdogo wangu, njoo ukae hapa," mama akamwita barazani, akavuta kanga.

Akakaa. Siti ikamnesesha. Mkono wake wa kushoto ukashuka ukagusa kovu la sigara, na nikamwona anainuka nusu.

"Kaa tu. Mnajuana."

Uani watu wakapunguza sauti. Harithi akavua miwani, kwa mara ya kwanza mwaka huo.

"Dada, hii mmeitoa wapi?"

"Kwa kinyozi. Uliniahidi siti ukampa Selestini, nimekwenda kuichukua. Leo kliniki saa nane. Tufunge siti yangu, twende."

"Wifi," Zaina akaingilia, "gari ina ufuta."

"Ufuta hauumwi nyonga, wifi."

Mmoja mikekani akacheka puani. Harithi akamtazama, akarudisha ile sauti yake ya msikitini. "Dada, siyo kwamba sikutaki. Siti bila bolti ni hatari. Ikifika kwenye makorongo inaruka na wewe. Bolti zenyewe zilishapotea. Mimi siwezi kumuua dada yangu mbele ya watu."

"Mbele ya watu najua huwezi," mama akasema.

Akafungua pindo la kanga. Bolti nne, mpya, bado zina grisi. Akazipanga juu ya siti, moja moja, pembeni ya paja la mdogo wake.

"Ziko nne. Ulizihesabu mwenyewe."

Harithi alizitazama, akanitazama mimi, akapata pa kukimbilia. "Na atafunga nani? Huyu mwenye nusu diploma?"

"Kufunga bolti ni muhula wa kwanza, mjomba. Mimi nilikosa wa kufungua."

Hapo hata wenye msiba walicheka. Wanaume wanne wakainuka bila kuagizwa na mtu, wakashusha magunia, wakayaegemeza ukutani kwetu. Mimi nikang'oa mbao za kinyozi, nikaingiza siti, nikakaza bolti zote nne. Kisha nikaazima tupa kwa jirani, nikalala chini ya siti nusu saa nzima, mjomba akidhani bado nakaza, nikasaga pembe za vichwa vya bolti mpaka vikawa duara laini kama vidonge. Spana inashika pembe. Pasipo na pembe spana inacheza ngoma tu.

Mama akapanda, akanyoosha mguu. Zaina akakaa mbele, uso dirishani. Kutoka Naipingo mpaka Nachingwea hatukusimama mahali hata pamoja.

Tulipomfikisha mama kwenye foleni ya kliniki, Harithi akanyoosha mkono. "Nipe spana. Naitoa hapahapa, nitaiacha kwa Selestini, nikachukue ufuta wangu."

Nikampa spana kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa.

Akaingia nyuma ya Noah, akapiga magoti kama siku ile kwa dalali. Nikasikia spana inazunguka, inateleza, inazunguka. Akahamia bolti ya pili. Akahamia ya tatu. Alipotoka shati lilikuwa limemganda mgongoni na kidole kinavuja damu.

"Umezifanya nini?"

"Nimekaza, mjomba."

Zaina alimwambia apande waondoke, jua linawaka. Hakupanda. Alibaki amesimama na spana mkononi, anamsubiri dada yake atoke, kwa sababu ufuta wake ulikuwa umeegemea ukuta wetu Naipingo, siti haitoki tena garini, na mwenye siti ni mama.

Bolti zile mama alizinunua duka la spea hapohapo Nachingwea. Moja ni shilingi mia tano. Zote nne, elfu mbili.