Mashine Iliyolala Mbele ya Mama Monga

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa ofisi ya vyeti vya kuzaliwa hapa Kamina hakunionyesha kompyuta. Alinikabidhi kitambaa. "Vumbi ya gare inaingia mu masini," alisema, maana stesheni ya treni ilikuwa jirani. "Anza na ile." Nikafuta huku nikinung'unika moyoni, maana nilitoka shule nikijiona fundi mkubwa. Baadaye walinituma Kabongo, mji wa mbali, kisha wakanirudisha, na nikawa msimamizi wa mashine zote za ofisi.

Vijana mnaonisoma, kazi yenyewe ilikuwa kuhakikisha diski zinajibu. Kati ya mfumo na diski kuna draiva, programu inayopokea maombi na kuyafikisha. Draiva yetu iliyapanga kwenye foleni, halafu uzi wa kerneli, yaani mtumishi anayeishi ndani kabisa ya kiini cha mfumo, ukayachukua. Tulipima vitu viwili: mzigo unaopita kwa sekunde, na muda ambao ombi moja hungoja jibu. Wengi hupenda kipimo cha kwanza kwa sababu namba zake ni kubwa, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Mama Monga alihudumia dirisha la wananchi. Alikuwa mjane mwenye watoto shuleni hapa mjini. Watu walikuja kwa baiskeli, wengine wakitoka mbali kule Mulongo, kutafuta vyeti vya watoto wao kabla ya mitihani, na foleni ikafika barabarani. Direkta, mkubwa wetu sote, akaona foleni, akaona kosa ni la Mama.

"Ule mama amechoka," alisema. "Tutamutuma Kabongo, tuweke mwingine."

Kabongo, bila watoto wake! Alinijia akilia. "Papa Banza, minyi nafinya, masini njo inalala. Ubaambie." Yaani yeye alibonyeza vitufe upesi, mashine ndiyo iliyochelewa.

Nilimwamini, lakini vipimo vyangu vilimkana. Kila jioni nilipima, na kila jioni diski ilijibu upesi. Ikafika mahali nikaona haya kumtazama usoni.

Aliyetuokoa ni shefu yule yule wa kitambaa.

"Unapimaka saa gani?" aliniuliza.

"Saa ya groupe, shefu." Groupe ni jenereta, nayo iliwashwa jioni tu. Kwetu hakuna aliyethubutu kula betri za sola kwa majaribio. Betri zilikuwa za kuhudumia wananchi mchana.

"Na Mama anatumikaka na nini?"

"Na betri."

"Basi unapima masini ingine. Kesho ikala pembeni yake."

Nikakaa pembeni yake, watu wakinikodolea macho. Mzigo mkubwa ulipita vizuri, kwa kuwa uzi wenye kazi mfululizo haulali. Lakini Mama alipotafuta jina moja, tulingoja na kungoja. Jina moja huhitaji maombi mengi madogo, kila moja likisubiri lililotangulia. Mashine ikiwa kwenye betri ilijiweka katika hali ya kubana umeme: baada ya kila ombi uzi ulisinzia, na kuuamsha kulikula muda mrefu kuliko kazi ya diski yenyewe. Jenereta ikiwaka, hali ile ilijiondoa. Ndiyo maana jioni sikuona kitu.

Nikaondoa usingizi ule, tukazima feni na taa za mchana ili betri zitoshe. Foleni ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Direkta alikuja hadi dirishani. "Pardon, Mama," aliomba radhi, mbele ya watu wote. Mama Monga akabaki Kamina na watoto wake. Nimewatumikia wakubwa wengi, na hao wawili nawashukuru hadi leo, mmoja kwa swali lake na mwingine kwa neno lile.

Sasa nimestaafu. Siku ya mwisho kazini nilihitaji cheti changu mwenyewe cha kuzaliwa kwa ajili ya karatasi za kustaafu, nikapanga foleni kama kila mtu.

"Ikala, Papa Banza," Mama Monga akaniambia.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na nilitegemea kuyasema tukingoja. Sijaligusa benchi, karatasi tayari iko mkononi mwake. Kwa mara ya kwanza nilitamani mashine ile ichelewe kidogo.