Mawe ya Nyamkweya

Ukichimba mbuga ya Nyamkweya mpaka jembe lizame na mpini, hutakutana na jiwe. Ni udongo mweusi mtupu, udongo wa mpunga, unaonasa mguu masika na kupasuka kiangazi. Ndiyo maana wanawake wa kijiji hicho, mbele ya Idete, hufinyanga mafiga yao kwa udongo wa kichuguu, na mvua ikivuja jikoni huyafinyanga upya.

Kwa hiyo lori lilipomwaga mawe kando ya kijito, wakati wa kampeni, watu walitoka kwenda kuyatazama kama wanavyomtazama mgeni. Venance, aliyekuwa akigombea udiwani, alipanda juu ya lundo akasema, "Mawe haya ndiyo daraja. Nipeni kura, masika ijayo mnavuka na viatu."

Apolonia alimwamini. Venance alikuwa mjukuu wake. Apolonia na babu yake Venance walinyonya ziwa moja. Tena shamba la Apolonia lilikuwa ng'ambo ya kijito, na kila mwaka mpunga wake ulisubiri huko maji yapungue, wakati wanunuzi wameshapita. Akazunguka nyumba kwa nyumba kwa wenzake wa kikundi cha kupandikiza mpunga. "Huyu mume wangu namjua," aliwaambia, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Akiwadanganya, njooni mniulize mimi."

Neno la namna hiyo si la kusema kwa wepesi. Kumdhamini mtu kwa kinywa ni kumwazima jina lako, na jina likichafuka halifuliwi kwa sabuni.

Venance akachaguliwa. Masika ikaja, ikaja nyingine. Daraja halikuonekana, na lundo nalo likapungua mpaka ikabaki alama tu kwenye nyasi. Kijiji kizima kikasema diwani ametuma lori alfajiri kurudisha mawe yake Ifakara. Wanawake wakivuka, khanga zimekunjwa mapajani na mizigo iko kichwani, Oliva, mmoja wa kikundi chao, hakukosa la kumwambia Apolonia, mama yake Gasper.

"Mama Gasper, mumeo amesemaje? Au talaka imeshatoka?"

"Mwache," mwingine akadakia. "Mwenzako mumewe siku hizi anakanyaga lami."

Wakacheka. Apolonia naye alicheka, lakini kicheko hakikufika tumboni.

Kilichomkosesha raha zaidi ni hilo lori. Lori likipita mbugani huacha makovu ya magurudumu hadi msimu mwingine, na yeye hakuwahi kuyaona. Nani hasa aliliona? Alimuuliza Oliva, Oliva alisikia kwa mjomba wake. Mjomba alisikia kisimani. Kisimani walisikia kwa Oliva.

Akaenda kwa Mabula, mfugaji Msukuma ambaye zizi lake linatazama kijito, mtu asiyepitwa na ndama wala mpita njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hivi lile lori la kuondoa mawe, wewe uliliona?"

Mabula akawatazama ng'ombe wake kwanza. "La kuleta nililiona. La kuondoa, hapana."

"Sasa mawe yaliota miguu?"

"Yaliondoka kwa vichwa, mama. Moja moja. Hata mimi ninalo, ng'ombe wanalambia chumvi." Akatabasamu kidogo. "Na wewe nilikuona."

Apolonia alirudi nyumbani, akasimama mlangoni mwa jiko lake. Sufuria ya mboga ilikuwa imekaa juu ya mafiga matatu ya mawe, meusi kwa masizi. Masika ile ya kwanza mafiga yake ya udongo yaliyeyuka, akaenda kuazima haya, maana lundo lilikuwa kubwa na daraja lilikuwa bado. Kuazima, ndivyo alivyojiambia, kisha akasahau.

Siku zilizofuata alitembelea watu kuliko kawaida yake, na kila alipokaribishwa macho yake yalikwenda chini. Kwa Oliva, jiwe lilizuia mlango wa banda la nguruwe. Kwa katekista Polikarpo, mawe yamekuwa ngazi, yamepakwa chokaa. Daraja lote lilikuwa kijijini, limelala majumbani mwa watu.

Venance alipokuja kwenye mkutano wa kijiji, uwanja wa shule, alisikiliza malalamiko kwa utulivu wa mtu aliyeficha turufu.

"Ndugu zangu," alisema, "mawe nilileta. Hakuna asiyeyaona. Leo yako wapi? Mnidai daraja, na mimi niwadai mawe?"

Watu wakainama. Ndipo Apolonia alipoelewa kwamba mjukuu wake alijua siku zote. Wizi wao mdogo ulikuwa ngao yake.

Akaondoka bila kuaga. Waliobaki walidhani anakimbia aibu. Kumbe alikwenda jikoni, akamwagia moto maji, akang'oa mafiga yake, akayapakia kwenye karai.

Mafiga hayahamishwi ovyo. Mwanamke huyang'oa nyumba inapokufa. Kwa hiyo uwanja ulipomwona anarudi na mawe yenye masizi kichwani, maneno yalikatika.

"Shikamoo, bibi," Venance alisema, sauti imepungua.

"Marahaba, mume wangu. Haya ni ya daraja. Niliiba, nikawa nasema umeiba wewe. Kwa hilo unisamehe." Akayashusha miguuni pake, akawageukia watu. "Mwenye lake alete. Tumbakishie huyu bwana maneno yake tu."

Oliva ndiye aliyenyanyuka wa kwanza. "Leo nguruwe wangu watatembea kijiji," akasema, akaenda. Mabula alileta lake kwa baiskeli. Jua lilipoanza kuinama, lundo lilikuwa limesimama tena mbele ya meza ya diwani: mengine na masizi, mengine na chokaa, moja limelainishwa na ndimi za ng'ombe.

"Panda," Apolonia akasema.

"Nini, bibi?"

"Siku ile ulisema ukiwa juu yake. Panda utuambie lililobaki. Saruji iko wapi, fundi yuko wapi?"

Venance alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anatazama viatu vyake. Akapanda. Mawe yaliteleza, ikabidi ashike bega la bibi yake.

"Daraja halikuwamo kwenye bajeti," alisema mwishowe. "Halikuwahi kuwamo. Mawe yalibaki kwenye ujenzi wa rafiki yangu, nikaomba lori. Mlipoanza kuyachukua nikaona afadhali."

"Afadhali nini?"

"Afadhali mtaona haya kuuliza."

 Watu walimtazama tu, kama walivyoyatazama mawe siku ile ya kwanza. Mtendaji wa kijiji aliambiwa ayaandike maneno hayo kama yalivyo, na kwamba kabla ya bajeti ijayo kupitishwa, diwani atarudi kueleza ameomba nini, akisimama pale pale. Venance akakubali. Hakuwa na njia ya kushuka bila kukubali.

Jioni hiyo Apolonia alikuwa kichuguuni akichimba udongo. Oliva akamkuta huko, ana ndoo ya maji.

"Nilisema akiwadanganya mje kwangu," Apolonia alisema bila kuinua kichwa. "Nilimdhamini bila kumuuliza lolote. Waambie na wenzako."

Oliva akamwaga maji kwenye udongo, akavua kandambili, akaanza kuukanda kwa miguu. "Uchaguzi ujao, ukija kwangu na mume mwingine, nitauliza kwanza kama yumo kwenye bajeti."

"Uliza," Apolonia akasema, akiviringisha figa la kwanza. "Twende wote tukaulize."