Kitaa chekundu cha lori kilivyotutisha kati ya Modogashe na Garissa

Wakuu wa klabu, salaam aleikum.

Nimebandika karatasi hii kwenye ubao wetu kwa sababu huko sokoni safari yetu inasimuliwa na watu ambao hawakuwemo, na tayari wameshatia simba. Simba hakuwepo. Nitaandika niliyoyaona tu, pamoja na yale yasiyonipendeza.

Tulitoka Wajir kuja hapa Garissa kwa lori jipya la tajiri mmoja. Dereva alikuwa Adan. Mimi, wanayeniita mwalimu, nilikaa mbele pamoja naye, kwa heshima ya digrii yangu, ambayo hadi siku hiyo sikuwa nimejua kuwa haina kazi nyingine.

Nyuma walikaa abiria wengine, na bibi mmoja, Hooyo Dahabo, yaani Mama Dahabo kwa Kisomali, amempakata mjukuu wake. Mtoto alikuwa na homa na kuharisha, anapelekwa hospitali. Bibi alikuwa akimtilia maji mdomoni kidogo kidogo.

Sasa, lori hili lina kitaa mbele ya dereva. Maji ya injini yakizidi moto, kinawaka chekundu. Malori ya zamani huchemka tu, basi. Hili linakuonya kwanza, yaani linakupa muda wa kuogopa.

Tulipoipita Modogashe, kikawaka.

Adan akasimama, akafungua kwa kitambaa kifuniko cha rejeta, kile kipoza maji ya injini. Maji yakaruka kwa mvuke, mengi yakaishia mchangani. Tukangoja injini ipoe, tukajaza maji ya kunywa, tukaondoka.

Hatukufika mbali. Kikawaka tena.

Tukakagua. Fanibelti imekaza. Mipira ya maji haivuji. Chini ya injini pakavu. Nikasema huenda gasketi imeungua, neno nililolisoma mahali. Adan akaniuliza gasketi iko upande gani. Nikamshauri tuendelee.

Mnaijua barabara ile. Kisima tulichokiacha kilikuwa mbali, cha mbele tuliambiwa kimekauka, na gari jingine lingeweza kupita kesho au lisipite kabisa. Watu waliacha kuzungumza. Hapo ndipo hofu iliponiingia, kwa sababu abiria wa huku hawanyamazi hivihivi.

Kila mtu alikuwa na mfuko wake wa turubai wa maji. Wa Adan na wangu ilikuwa imetundikwa mbele ya rejeta tangu Wajir, kama madereva wanavyofanya, ili upepo upoze maji. Mingine ilining'inia ubavuni.

Mtu mmoja akanong'ona kwamba kuna anayekunywa kwa siri. Hatukujua ni nani, kwa hiyo kila mtu akawa ndiye. Ikaamuliwa mifuko yote ifungwe kwa kamba moja huko mbele, pasipofikika lori likienda. Niliunga mkono. Nilisema hata ni haki.

Kuanzia hapo kitaa kiliwaka haraka zaidi. Kila kikiwaka tulifungua kifuniko, maji yakaruka, tukajaza kutoka kwenye mifuko. Mmoja ukaisha, kisha mwingine, na mitupu ikabaki palepale kwenye kamba. Sauti ikatoka nyuma, "Mwalimu, kitabu yako inasema nini sasa?" Hakuna aliyecheka, hata aliyeuliza.

Mwishowe ukabaki mfuko wa Hooyo.

Adan alimwendea kwa adabu. "Hooyo, gari ikikufa hapa, na sisi tunakufa. Na mtoto pia. Lete hiyo yako."

"Gari yako imekunywa maji ya watu wazima wote," bibi akasema. "Sasa inataka ya mtoto?"

Akashuka na mjukuu begani, akaenda mbele, akaushika mfuko wake na kuuvuta. Fundo halikufunguka. Akavuta tena, kamba ikakatika, mifuko yote ikaanguka chini. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuifunga upya. Tukaitupa nyuma ya lori, tukaondoka na kile kilichokuwa ndani ya rejeta.

Nilikitazama kitaa kile kama mtu anayemtazama nyoka chumbani.

Hakikuwaka.

Tukaenda mwendo ambao awali ungekiwasha mara kadhaa. Kitaa bado kimezimika. Nikahisi upepo wa moto ukinipiga usoni dirishani, na ndipo nikaelewa. Nikamwambia Adan kwamba ile mifuko ilikuwa inazuia upepo usifike kwenye rejeta.

Akakitazama kitaa. "Tuliiziba pua, mwalimu," akasema. "Halafu tukaipa maji."

Maji ya kunywa yaliyobaki yalikuwa ya Hooyo tu. Hakuna aliyemwomba. Mimi ulimi ulikuwa umekauka, nikajifanya nimelala hadi nilipoona miti ya Mto Tana hapa Garissa.

Mtoto bado yuko hospitali, lakini juzi alikunywa uji na kumrushia bibi yake kijiko.

Funzo, wakuu: usitundike kitu mbele ya rejeta, hata kama baba yako alitundika. Usifungue kifuniko kikiwa cha moto. Na mkianza kulindana kwa ajili ya maji, angalieni kwanza mmeyaweka wapi.

Mnaojua magari kuliko mimi, yaani nyote, andikeni hapa chini. Adan anasema kama ile kamba ingehimili kuvutwa, tungemnyang'anya bibi mfuko. Mimi nilimwambia hapana, tusingefanya hivyo.

Ningependa kusikia kutoka kwa waliokuwa nyuma.