Kichupa chenye Picha ya Chungwa

Katika kibanda cha fundi saa hakukuwa na kichupa kisicho na jina. Skrubu, mishale, vioo, kila kitu kilikuwa na kichupa chake, na kila kichupa kilibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa wino mweusi. Wateja walimtania kwamba ipo siku atakibandika hata kikombe chake cha chai. Lakini nyumbani, juu ya kabati la jikoni, kulikuwa na kichupa kilichosema uongo, na uongo huo alikuwa ameuweka yeye mwenyewe.

Kilikuwa cha vitamini, chenye picha ya chungwa. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya binti yake wa miaka minane, ambaye mtaa mzima ulimwita Kimulimuli kwa kuwa hakai mahali pamoja. Daktari alikuwa amemweleza taratibu kwamba mtoto hana utovu wa adabu. Akili yake ndiyo inayoshindwa kutulia kwenye jambo moja, na dawa itamsaidia. Ampe kidonge kimoja asubuhi, baada ya kula. Wiki ya pili mwalimu akaandika daftarini kwamba Kimulimuli amemaliza hesabu zote bila kunyanyuka.

Fundi alifurahi, ila furaha yenyewe aliifungia ndani. Miezi michache nyuma, kwa kinyozi jirani, kulizuka habari ya mtoto fulani anayepewa dawa kama hizo, naye fundi akapayuka mbele za watu kwamba huo ni uvivu wa wazazi. Wameshindwa kulea, sasa wanakimbilia vidonge. Kinyozi alicheka mpaka akazima mashine. Leo aonekane yeye na boksi la dawa zile zile?

Mkewe, aliyekuwa akitoka alfajiri kwenda kuoka mikate, alimhimiza fundi amweleze mama yake mzazi, maana bibi huyo ndiye aliyekuwa akishinda na mtoto. Fundi akasema atamweleza. Kisha akavihamishia vidonge kwenye kichupa cha vitamini, boksi akalitupa.

Dawa ile ilikuwa na kero moja. Ilimkata mtoto hamu ya chakula mchana. Bibi, asiyejua lolote, aliona sahani zikirudi kama zilivyokwenda na mjukuu akikonda, akibaki shingo tu. Akavaa miwani, akasoma kichupa: huongeza nguvu na hamu ya kula. Basi akaanza kumpa kimoja kila mchana.

Jumamosi fundi aliporudi kula, alimkuta Kimulimuli amekaa kimya sakafuni, midomo imemkauka, anajichuna ngozi ya vidole. Chakula kilikuwa kimepoa mbele yake. Fundi akakishusha kichupa, akakiona chepesi, akahesabu. Sita havipo. Akamshika mtoto bega kwa nguvu, akamuuliza anavitupa wapi.

"Situpi, baba. Bibi ananipa. Leo kanipa viwili, ili nile."

Akamwekea sikio kifuani. Moyo ulikuwa ukienda mbio kama saa iliyoharibika. Alimbeba mpaka zahanati, bibi akifuata nyuma, kanga begani, viatu havilingani.

Daktari alimpima mtoto, akasema atakaa hapo mpaka mapigo yashuke, na kwamba wamewahi. Kisha akataka kujua nani aliyempa dawa mchana.

"Ni mimi," bibi alisema.

Daktari akaanza kumweleza, kwa upole unaouma, umuhimu wa kusoma maandishi kabla ya kumpa mtoto kitu. Fundi alitazama sakafu. Akamwacha mama yake alaumiwe, jambo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe.

"Nilisoma, mwanangu," bibi alimjibu daktari. "Ndiyo maana nikampa."

Hapo fundi alitamani ardhi ipasuke. Akasema yote, kichupa, chungwa, boksi alilolitupa, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya mtoto. Bibi hakumgeukia. Alikuwa akimfunga Kimulimuli vifungo vya gauni, kimoja kimoja.

Walirudi jioni, mtoto hajambo, anadai maji ya kunywa kila hatua mbili. Kinyozi aliwapungia mkono kutoka mlangoni, fundi akaitikia bila kuinua uso.

Nyumbani alikwangua picha ya chungwa kwa kisu, akakata karatasi, akachukua kalamu yake ya kibandani. Akaandika jina la dawa, jina la mtoto, na neno asubuhi tu. Mkono uliozoea skrubu ndogo kama chawa uliandika herufi zilizopinda, kisha akaibandika karatasi kichupani. Kimulimuli akasimama kiwikoni mwake, akasoma kwa sauti mpaka mwisho.

"Mbona mwanzo uliviweka kwenye cha chungwa?"

"Nilikuwa naona haya, mwanangu."

"Haya ya nini? Kwa ajili yangu?"

Bibi, aliyekuwa akichambua mchele, akasimamisha mkono. Naye alikuwa anangoja jibu.

"Hapana," fundi alisema. "Kwa ajili yangu mimi, na maneno niliyoyasema kwa kinyozi."

Bibi akarudi kwenye ungo wake. "Ibandike vizuri hiyo karatasi," alisema. "Upande huo imeachia."