Kisanduku cha Simu ya Upepo

Kilichoninyima usingizi mwezi wangu wa kwanza Kibondo hakikuwa baridi, ingawa baridi ilikuwepo ya kutosha. Lilikuwa swali moja: nikiandika kwamba kisanduku kinafaa, mama wa Kasulu atakula nini?

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Dar es Salaam, binti mwenye cheti kipya na sweta la kuazima, na shirika dogo lililohudumia wakimbizi lilinichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Ofisi kubwa ilikuwa Kibondo, ofisi ndogo Kasulu. Simu ya kutegemea haikuwepo. Tuliunganishwa na redio ambayo kila mtu aliiita simu ya upepo: waya wa antena uliotundikwa kati ya mikaratusi miwili, betri ya gari chini ya meza, na kipaza sauti ambacho lazima ukibonyeze ndipo uongee, na ukikibonyeza husikii kitu, ndiyo maana kila mmoja alimaliza kwa "ova": nimemaliza, zamu yako.

Upande wa Kasulu, aliyekaa mbele ya redio alikuwa mama mmoja mjane, Muha wa kijiji cha Titye kama mimi, mwenye sauti nene iliyopenya mvua. Kazi yake kubwa ilikuwa kutusomea majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao njiani wakitoka Burundi, nasi tukiyaandika ili yakatafutwe Nduta na katika kambi nyingine. Alitutajia herufi moja moja. Wengine walifundishwa alfabeti ya marubani. Yeye alikuwa na ya jikoni. "M ya migebuka. U ya ugali. N ya ndizi. Umeandika ndizi, au umeanza kuila? Ova."

Nilimpenda kabla sijamwona.

Lakini redio hukosea. Kabla sijafika, jina lilisikika vibaya, na baba mmoja akatembea tangu alfajiri kwenda kumpokea mtoto ambaye hakuwa wake. Alipomwona alikaa chini, walivyonisimulia wenzangu, akamshika yule mtoto mkono hata hivyo, akakaa naye mpaka jioni. Kwa ajili ya mambo kama hayo makao makuu yalituletea kisanduku. Kiliunganishwa na redio upande mmoja na kompyuta upande wa pili, na orodha nzima iliyochapwa Kasulu ingetokea Kibondo kama ilivyo, bila kupita katika sikio la mtu. Hakuna waya wa simu, hakuna setilaiti. Fundi alikuja kutoka Dar, akafunga kimoja kwetu na kingine Kasulu, akaacha kitabu kinene, akaondoka.

Mkuu wa ofisi yetu, mtu wa Tanga asiyependa maneno mengi, aliniita.

"Wewe ndiye msomi wa mambo haya. Kijaribu. Mwisho wa mwezi uniandikie: kinafaa au hakifai. Kikifaa, Kasulu hatutahitaji mtu wa redio. Karani wao atachapa na kutuma."

"Na yule mama?"

"Ndiyo maana nataka uandike vizuri."

Basi nikajaribu, na kisanduku kikagoma. Kila asubuhi, saa ya kuongea ilipokwisha, nilibonyeza, redio ikalia ule mlio wake kama kifaranga aliyekanyagwa, kikaanza kuita Kasulu, kikapata herufi chache za jibu, kikakatika. Nikarudia. Kikakatika. Mlio ule ulinitia wasiwasi hata nikashindwa kufikiri, kwa hiyo tangu jaribio la kwanza niliizima spika kila mara, nikabaki nikitazama taa tu.

Nilinunua daftari. Niliandika hali ya hewa, hali ya betri, dakika jua lilipotoka mawinguni. Niliandika kwamba mikaratusi ikilowa mawimbi huenda yananywewa na majani, kisha nikaandika kwamba hilo ni upuuzi, kisha nikampa mlinzi shilingi mia akakate matawi. Nilisoma kitabu cha fundi mara mbili. Dereva wa ofisi alinikuta nimesimama chini ya antena natazama juu.

"Dada mtaalamu, unaomba mvua?"

"Natafuta kosa."

"Huko juu? Ungeanza kutafuta huku chini tunakoishi."

Alikuwa anatania. Nilikasirika siku nzima.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba kila mara kisanduku kiliposhindwa, sehemu ya moyo wangu ilifurahi. Nilijiambia: basi, kimeshindwa, mama atabaki. Halafu nilimkumbuka yule baba, nikaona aibu. Halafu nilijiuliza kama sijafanya makusudi bila kujua, kwa kufunga nyaya ovyo. Nikaenda kuzifunga upya. Mtu akiwa na akili ya kuogopa, hata waya mmoja humtosha wiki.

Wiki ya tatu nilipanda gari la ofisi kwenda Kasulu. Mama alikuja kunipokea nje, mfupi kuliko sauti yake, kanga kiunoni. "Shikamoo, mama," nikasema. Akaitikia marahaba, lakini hakuniachia. Alipiga makofi polepole, kama wafanyavyo kwetu, akaniamkia upya kwa Kiha: "Mwakeye!" Akauliza habari za Kibondo, za kazi, za mvua, za mama yangu asiyemjua, na baada ya kila jibu makofi tena. Miaka minne ya Dar ilikuwa imenisahaulisha jinsi salamu za nyumbani zilivyo ndefu. Nilianza kutazama saa.

"Una haraka ya wapi, mwanangu? Umeshafika."

Nilikuwa nimemwachia mwenzangu Kibondo maagizo abonyeze saa nne kamili. Tukaketi mbele ya redio, karani amewasha kompyuta. Saa nne, spika ya mama ikalia ule mlio wa kifaranga. Taa ya kisanduku ikawaka kijani. Kimepokea!

Mama akapiga makofi mawili, akainua kipaza sauti, akabonyeza.

"Karibu, karibu, hapa Kasulu. Mwakeye! Habari za kwenu? Ova."

Taa ikazima.

Mlio ukaanza upya. Mama akabonyeza upya. "Nakusikia, ndugu, sema taratibu. Mwakeye. Ova." Taa ikazima.

Mkono ukanienda mdomoni. Jua, betri, majani ya mikaratusi, kurasa arobaini za daftari.

"Mama," nikasema, "hufanya hivi kila siku?"

"Kila siku. Huyu mtu wenu anaita, anaita, nikimwitikia ananyamaza. Hana adabu, ila sikutaka kumsemea kwenu. Lakini mimi siwezi kuacha mtu anaita hewani nisimwitikie. Akiwa na shida je?"

"Ni mashine."

"Najua ni mashine. Sasa nani ameiwasha? Si mtu?"

"Fundi alikuambia usiguse mashine."

Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mtoto. "Mashine sijaigusa hata siku moja. Muulize karani. Mimi nashika redio yangu."

Karani akatikisa kichwa kukubali. Na ilikuwa kweli. Hakuna aliyemwambia kwamba redio na mashine vinapita njia moja, na kwamba akiongea yeye, kisanduku kinakuwa kiziwi. Mimi ningemsikia tangu siku ya kwanza kama nisingeizima spika. Wiki tatu mama huyu alikuwa ananisalimia, na mimi nimeziba masikio nikitafuta kosa angani.

Nilimwomba ajaribu kunyamaza. Ilimtesa. Mlio ulipoanza alikalia mikono yake, midomo ikicheza. Orodha ya majaribio kutoka Kibondo ikaingia yote, jina kwa jina, bila herufi moja iliyopotea. Mama akasogea kwenye kioo cha kompyuta, akasoma kwa sauti jina baada ya jina, mpaka la mwisho.

"Ni safi," alisema. "Hata mimi siwezi kusoma safi hivi." Kisha akauliza, "Sasa wataniondoa?"

Nikamwomba karani azime kompyuta.

Nilipaswa kurudi Kibondo jioni ile. Nilimwambia dereva aende peke yake, na hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa, maana sikuwahi kuvunja ratiba ya mtu. Mama alinipa kitanda kwake, ugali wa muhogo, migebuka, samaki wa ziwani, iliyopikwa kwa mawese, na hakurudia swali lake. Nililigeuza mwenyewe. Nikiandika kisanduku hakifai, ni uongo, na mtoto mwingine atapelekwa kwa baba asiye wake. Nikiandika kinafaa na sababu ya kushindwa ni mwendeshaji wa Kasulu, anaondoka kabla ya mwisho wa mwezi. Nikiandika sijui, mimi ndiye nitakayeondoka, na kisha mwingine ataandika moja kati ya yale mawili.

Asubuhi nilifika ofisini kabla ya karani, nikaanza kwa kumfundisha mama. Alijifunza haraka kuliko mimi nilivyojifunza, kwa sababu hakujiuliza kila hatua ingeweza kuharibika vipi. Ilipofika saa ya redio tulianza na sauti: salamu, zote, mpaka mwisho, habari za wagonjwa, watu waliokuja kusubiri kusikia ndugu zao. Kisha mama mwenyewe akatangaza, "Sasa anaingia yule mwenye mlio, tumwachie njia. Ova." Kibondo wakaacha njia. Akatuma orodha. Ikafika.

Ndipo nikachapa ripoti yangu kwenye kompyuta ya karani, ukurasa mmoja. Kisanduku kinafaa kwa orodha. Hakifai kuchukua nafasi ya saa ya sauti, kwa sababu mashine haimuulizi mtu ana shida gani. Vyote viwili viendeshwe na mtu mmoja kila upande, na Kasulu mtu huyo ameshapatikana na ameshafunzwa. Kuhusu wiki tatu zilizopotea niliandika: kosa ni langu, nilizima spika.

Mama aliomba aisome. Alisoma taratibu, kidole juu ya kioo.

"Hapa umesema uongo," akasema. "Aliyekuwa anabonyeza ni mimi."

"Mama, nikiandika hivyo watakuondoa."

"Wakiniondoa kwa ukweli nitaenda kulima. Sitaki kukaa kwenye kiti ulichonibebea wewe mgongoni. Rekebisha."

Nilifikiria, kwa mara moja tu, maana muda wa betri ulikuwa unakwisha. Nikarekebisha: yeye aliitika kwa sababu hakuambiwa, mimi sikusikia kwa sababu niliziba masikio. Nikachapa jina langu chini, nikampisha kiti. Akavuta kanga vizuri, akatafuta kitufe, akaituma Kibondo.