Mapipa Nyuma ya Mlango

Homa ya mama ilianza Jumatatu, nami nikaanza kuhesabu siku.

Nilikuwa nimemaliza chuo bila kupata kazi, nikajitolea kunakili madaftari ya zamani ya kituo cha afya cha mtaa wetu hapa Uvira. Humo niliona jambo lililonitia hofu. Kila mwaka, mabomba yanapokauka, watu wengi walifika na homa na maumivu nyuma ya macho. Kipimo hakikuonyesha malaria, lakini walipewa dawa ya malaria. Homa ilishika avenyu moja ya mtaa, mwaka uliofuata ikahamia nyingine, kisha ikarudi.

"Labda ni dengue, ile homa ya mbu ya muchana," muuguzi aliniambia. "Kipimo yake hatuna. Lakini mutu akiipata mara ya pili, inaweza kuwa mubaya zaidi."

Mama alikuwa ameugua hivyo hivyo mwaka uliotangulia.

Siku ya nne homa ilishuka. Mama akaketi, akaomba uji. Jirani yetu akanicheka: "Weye mwenye diplome, sasa unaogopa nini?"

Niliogopa hasa kwa sababu homa ilikuwa imeshuka. Muuguzi alikuwa amesema ndipo damu huweza kuanza kutoka, hata kwenye fizi. Nilimwomba mama afungue mdomo, mara tatu.

"Minye si ng'ombe ya Bijombo kule mulimani," akasema, "unaniangalia meno kila saa."

Nilikwenda kumchotea maji. Mapipa mawili nyuma ya mlango niliyanunua mimi, kwa kuogopa kipindupindu cha maji ya ziwa. Nilimfundisha mama asiache maji yaishe: bomba likitoa maji, aongeze juu. Nilipofunua kitambaa, viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinapinda-pinda majini. Mwaka mzima hatukuwahi kuona kitako cha pipa. Usiku tulilala ndani ya chandarua, lakini mchana kutwa mama alikaa mlangoni pale akichambua maharage.

Nikaanza kumwaga.

"Unamwaga maji na bomba iko kavu?" mama aliuliza. Nikamweleza. Akaitazama ndoo. "Ni weye ulisema tusiyamalize."

Alipotamka hayo niliona uzi mwembamba wa damu kwenye fizi zake. Niliacha ndoo nikakimbia kuita pikipiki.

Alilazwa kituoni siku tano, akarudi amekonda. Baadaye, nikinakili daftari, nilikuta mstari wake, sawa na ile mingine: homa, malaria hakuna, dawa ya malaria.

Sasa bomba likikauka, nafunua mapipa kwanza. Kisha namwomba mama afungue mdomo, naye hanitanii tena.